Ukichora mtiririko wa rejista ya afya, fuata daftari

Ingia kituo chochote cha afya hapa Mombasa, uwe Likoni au Kisauni, si ajabu ukutani ukakuta mchoro wa mishale: mgonjwa anaingia, anasajiliwa, anapimwa presha, anamwona daktari, anapelekwa maabara, anachukua dawa, anakwenda zake. Mchoro huo unamfaa mgonjwa asiyejua aelekee dirisha lipi. Anayetaka kuielewa rejista haumsaidii chochote. Hata hivyo, kila tunapoambiwa tujiandae kuhamisha madaftari kwenda kwenye kompyuta, huo ndio mchoro wa kwanza kutolewa mezani, na wataalamu wa programu huupiga picha wakaondoka nao.

Mimi ni afisa wa rekodi za afya. Kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa nikikaa na wauguzi wa zahanati na vituo vya afya vya kaunti hii, tukichora namna taarifa zinavyoandikwa, zinavyohesabiwa na zinavyopelekwa juu. Nikiulizwa na mwenzangu anayeanza kazi hii aanzie wapi, humwambia amwache mgonjwa aende zake, yeye abaki na daftari. Mgonjwa akishatoka getini, sehemu kubwa ya kazi ya taarifa yake ndiyo kwanza inaanza.

Chanjo kama mfano

Nitaitumia kliniki ya watoto kwa sababu karibu kila kituo kinayo. Mama amekuja na mtoto wa wiki 6. Siku hiyo mtoto anastahili matone ya polio, pentavalenti ya kwanza (sindano moja inayokinga magonjwa matano), sindano ya kukinga nimonia na matone ya rota ya kukinga kuhara. Kwa mama ni foleni, kilio, na kurudi nyumbani.

Sasa itazame kalamu. Muuguzi anaandika tarehe kwenye kitabu cha mama na mtoto, ambacho mama ataondoka nacho. Anafungua rejista ya kudumu ya chanjo, MOH 510 (MOH ni alama ya fomu za Wizara ya Afya), anautafuta mstari wa mtoto huyo na kuandika tarehe ileile. Kisha anaivuta karatasi ya kuhesabia, MOH 702, na kupiga kijiti kwa kila chanjo aliyotoa. Hapo sindano moja imeshaandikwa mara tatu kwenye meza moja. Mwezi ukiisha, vijiti vinajumlishwa na kujazwa kwenye muhtasari wa mwezi, MOH 710. Kituo kinatakiwa kiwe kimeufikisha muhtasari huo kwenye ofisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5, na ifikapo tarehe 15 uwe umeshaingizwa KHIS, mfumo wa taifa wa taarifa za afya. KHIS imejengwa juu ya DHIS2, programu iliyotoka Chuo Kikuu cha Oslo, na Kenya ilianza kuitumia nchi nzima mwaka 2011.

Katika safari hiyo kuna mahali ninapopaona kuwa muhimu kuliko pengine pote, na michoro mingi hupapita bila kupaona: pale kijiti kinapopigwa. Kijiti hakina jina. Kuanzia hapo kinachosafiri ni hesabu, na hakuna ofisi ya juu inayoweza kutazama takwimu za KHIS ikajua ni mtoto gani aliyekosa chanjo. Chora mstari mzito mwekundu hapo. Upande wa kushoto andika "jina lipo", wa kulia "hesabu tu". Nimeona mikutano mirefu ikifupishwa na mstari huo, maana mtu akisema mfumo wa taifa utatuletea orodha ya watoto wa kufuatiliwa, unamwekea kidole kwenye mchoro, mnaendelea na mambo mengine.

Nafasi iliyo wazi

Chukua mstari mmoja wa rejista wenye tarehe ya pentavalenti ya kwanza na ya pili, na ya tatu iko wazi. Ya tatu hutolewa wiki ya 14, na mtoto sasa ana miezi 5. Ile nafasi iliyo wazi inasema nini?

Wengi watajibu kwamba mtoto amekatiza chanjo. Huenda ni kweli. Lakini hapa kwetu watu wanahamahama. Mama amejifungua hospitali ya Coast General kwa sababu alipewa rufaa, na mtoto akachomwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, hukohuko. Arobaini ameikaa kwa mamake Kisauni, kwa hiyo chanjo za wiki ya 6 zimetolewa Kisauni. Wiki ya 10 amesharudi kwa mumewe Likoni. Wiki ya 14 mume amepata kibarua Mariakani, nyumba imehamishwa. Mtoto hakukosa hata tone moja na kitabu chake kimejaa vizuri, ila kila kituo alichopita kimebaki na mstari wenye mapengo.

Yupo mtoto mwingine. Huyu alikuja hapahapa siku ile kliniki imefurika, mama amesahau kitabu na namba ya rejista haikumbuki. Muuguzi akampa chanjo, kwa haki kabisa, akapiga vijiti, akasema mstari atautafuta baadaye. Baadaye haikufika. Kwa mtoto huyu hesabu ya mwezi iko sawa na rejista haiko sawa.

Na yuko wa nne, ambaye ndiye anayeniuma zaidi kwa kuwa hana alama yoyote mahali popote. Chanjo ya surua na rubela huja kwenye chupa ya dozi nyingi, kwa kawaida 10, na BCG kwenye chupa ya dozi 20. Zikishachanganywa na maji yake hazitumiki zaidi ya muda wa saa 6. Muuguzi akimwona mtoto mmoja asubuhi na hajui kama watakuja wengine, hufikiria mara mbili kabla ya kuifungua chupa, na vituo vingine hutenga siku maalumu. Basi mama huambiwa arudi Alhamisi. Amepanda feri, amelipa tuktuk, amebeba mtoto juani, na ndani ya rejista hakuna nafasi ya kuandika kwamba alifika. Asiporudi, mapengo yake yanafanana kabisa na ya mama ambaye hakuwahi kutoka nyumbani.

Basi pengo moja lina visa vinne, na kila kimoja kina dawa yake. Wa kwanza anahitaji mhamasishaji wa afya ya jamii amfuate mtaani. Wa pili anahitaji simu moja na muuguzi wa kuandika "amehamia". Wa tatu anahitaji njia ya haraka ya kuutafuta mstari wake, kwa jina la mama au namba ya simu. Wa nne anahitaji kituo kiwe na mahali pa kuandika wanaorudishwa, na siku ya chanjo ipangwe upya. Mchoro ukiwaunganisha wote katika kisanduku kimoja kinachoitwa "hakuja", programu itakayojengwa juu yake itampigia simu mama ambaye mtoto wake alichanjwa juzi. Mama akishapigiwa simu mbili za bure, ya tatu hashiki.

Hapo ndipo hata takwimu za ajabu huanza kueleweka. Kiwango cha kukatiza chanjo hupigwa kwa kutoa waliopata pentavalenti ya tatu kutoka kwa waliopata ya kwanza, kisha kugawanya kwa waliopata ya kwanza. Tuseme waliopata ya kwanza ni 50 na waliopata ya tatu ni 45: hiyo ni asilimia 10, na ikizidi hapo kituo huulizwa maswali. Lakini utakuta kituo kimepata jibu hasi, kwamba waliomaliza ni wengi kuliko walioanza, na mkubwa fulani anaamua kwamba wauguzi wamepika takwimu. Huenda wamepika. Huenda pia kituo kiko kwenye mtaa unaopokea wahamiaji, watoto wanafika wakiwa tayari wameanzia kwingine. Mchoro wenye mshale unaoitwa "ameanzia kituo kingine" unakupa mahali pa kuanza kuuliza kabla ya kumtuhumu mtu.

Uliza juu ya mtoto wa mwisho

Swali linaloharibu kazi hii ni "huwa mnafanyaje?" Ukiuliza hivyo utasomewa mwongozo wa wizara, tena kwa ufasaha, maana kila muuguzi amehudhuria semina. Uliza juu ya kisa kimoja kilichopita. Nilikuwa kwenye zahanati moja upande wa Kisauni, kliniki imeshaisha, muuguzi mkuu anafunga boksi la baridi la chanjo.

"Sista, mtoto wa mwisho aliyekuja bila kitabu alikuja lini?"

"Wa mwisho? Juzi. Mamake alisema nyumba imevuja, kitabu kikarowa."

"Ukamwandika wapi?"

Akacheka, akavuta droo ya chini. Akatoa daftari la jalada gumu lililofunikwa kwa karatasi ya kalenda ya zamani. Ndani mistari imepigwa kwa rula: tarehe, jina la mtoto, jina la mama, mtaa, simu, simu ya jirani. Nafasi ya mwisho haikuwa na kichwa, ilikuwa na alama za vema, na si kwa kila mtu.

"Hizi vema?"

"Nikishamwona kwenye rejista kubwa, namtia vema. Ambaye hana, bado sijamwona, mwanangu. Utamtafuta saa ngapi?"

Ambao walikuwa bado walikuwa wengi kuliko wenye vema. Daftari hilo halina namba ya wizara, halimo kwenye orodha yoyote ya vifaa, na lilikuwa na namba za simu nzuri kuliko rejista rasmi. Nimeshakutana na ndugu zake kwenye vituo vingi: moja la waliosahau vitabu, jingine la rufaa, jingine la dawa zilizoazimwa kituo jirani. Yachore yote. Mengine yapo kwa sababu fomu rasmi imeshindwa kubeba jambo fulani la kweli. Wajenzi wa mfumo wasipoyajua, mfumo utaanza Jumatatu na ikifika Ijumaa muuguzi atakuwa amenunua daftari jipya.

Jambo la adabu hapa: usilitoe daftari hilo kwenye kikao cha wakubwa kama kwamba umefichua kitu. Muuguzi amekuonyesha kwa kukuamini. Kwenye mchoro liite "orodha ya kituo" na uulize kikaoni kwa nini inahitajika.

Na uchague saa yako vizuri. Asubuhi ya kliniki usimsogelee mtu na maswali ya mishale. Nenda baada ya saa saba mchana, beba manila kubwa, kalamu za rangi na vikaratasi vya kubandika, na kama una akili, beba pia mahamri na soda. Mshirikishe na karani wa mapokezi. Mara nyingi yeye ndiye anayejua rejista iliyojaa iliwekwa kabati gani.

Alama unazohitaji ni chache

Alama zinazotumika sana duniani kwa michoro ya namna hii zinaitwa BPMN. Zinasimamiwa na shirika la Object Management Group, toleo la 2.0 lilitoka mwaka 2011, na mwaka 2013 zikawa kiwango cha kimataifa, ISO/IEC 19510. Ukifungua mwongozo wake utatishika, alama ni nyingi kupita kiasi. Kwa rejista za kituo zinatosha hizi: duara jembamba la kuanzia na duara nene la kumalizia, mstatili wenye pembe za mviringo kwa kazi anayoifanya mtu, umbo la tiara kwa njia panda, duara lenye saa kwa kungoja, na mishale ya aina mbili, mzima na wa vipandevipande.

Mchoro hugawanywa katika viwanja, kila taasisi uwanja wake, na ndani ya uwanja kila mtu ana safu yake. Kanuni moja ya BPMN ambayo vijana huiona kama usumbufu wa bure ndiyo ninayoipenda kuliko zote: mshale mzima hauruhusiwi kuvuka kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine. Kati ya taasisi na taasisi unachora mshale wa vipandevipande tu, yaani ujumbe. Maana yake ni kwamba kituo hakiwezi kuiamrisha ofisi nyingine ifanye kazi. Kinaweza kupeleka karatasi tu na kungoja. Kila ukichora mshale wa namna hiyo, andika pembeni nani anaubeba ujumbe, kwa chombo gani, siku gani, na aliyeutuma atajuaje kwamba umefika. Swali la mwisho mara nyingi halina jibu, na hapo ndipo karatasi hupotelea.

Usajili wa vizazi unaonyesha hilo waziwazi. Mtoto akizaliwa kituoni, wanaandika rejista ya wazazi, MOH 333, na pia taarifa ya kuzaliwa kwa ajili ya msajili wa vizazi na vifo. Akizaliwa nyumbani, ni kazi ya chifu msaidizi. Sheria inatoa miezi 6, ikipita hapo unaingia usajili wa kuchelewa na mlolongo wake. Wizara ya afya na msajili ni viwanja viwili, wanaunganishwa na fomu. Sasa ongeza desturi zetu. Familia nyingi za Waislamu wa hapa hungoja siku ya saba kumpa mtoto jina, na mama aliyejifungua salama hukaa wodini siku moja au mbili tu. Kwa hiyo kwenye rejista mtoto anaandikwa "mtoto wa fulani", na jina analopewa siku ya akika halirudi wodini lenyewe. Anapokwenda chanjo akiwa na jina kamili, kompyuta itamwona ni mtoto mwingine. Hapo panahitaji duara lenye saa, siku 7, na kazi ya mtu fulani ya kulipachika jina kwenye rekodi ya zamani. Mchoro uliobuniwa kwingine hautakuwa na duara hilo. Utaliweka wewe.

Nisieleweke kwamba ya kwingine hayafai. Shirika la Afya Duniani limetoa vifurushi vya kusaidia kugeuza miongozo yake kuwa mifumo ya kidijitali. Kile cha huduma za wajawazito kilitoka mwaka 2021, na ndani yake mna michoro ya mtiririko iliyochorwa kwa alama hizihizi. Kichukue, kiweke pembeni ya mchoro wenu, muulize kila mahali panapotofautiana. Ila uanze na wenu. Ukianza na cha wenzako, wauguzi watatikisa vichwa kukubali kila kisanduku, na utarudi nyumbani na mchoro wa nchi ambayo haipo.

Shilingi juu ya karatasi

Mchoro ukikamilika, usiusome kwa sauti kikaoni. Watu watalala. Tandaza manila mezani, weka shilingi kwenye duara la kuanzia, useme shilingi hii ni mtoto amezaliwa leo. Kisha kila mtu aisogeze inapofika kwenye safu yake, na aseme anaandika nini na wapi.

Mchezo huu una msingi wake ndani ya BPMN yenyewe: mtiririko hufafanuliwa kwa alama inayotembea kwenye mishale. Penye tiara yenye herufi X shilingi inafuata njia moja tu. Penye tiara yenye alama ya kujumlisha inagawanyika, unaongeza shilingi nyingine, zinakwenda sambamba. Na zinapokutana tena, ya kwanza kufika lazima ingoje nyenzake. Hapo ndipo watu huamka. Utasikia, "Sasa hii ya vijiti inangoja nini? Sisi hatungoji." Kweli hawangoji: ripoti ya mwezi hufungwa hata kama karatasi za chanjo zilizotolewa nje ya kituo, shuleni au kwenye uwanja wa chifu, hazijarudi. Basi kwenye mchoro msiweke kungoja ambako hakupo. Wekeni njia inayoonyesha karatasi zikichelewa zinakwenda wapi: zinaongezwa kwenye mwezi unaofuata, ripoti ya zamani inarekebishwa, au zinabaki kwenye bahasha. Mara nyingi watu wa meza moja hutoa majibu matatu, na hilo linafaa kuamuliwa kabla programu haijaandikwa.

Pitisha shilingi ya mtoto aliyekamilisha kila kitu mara moja tu, upesi. Muda uliobaki wote utumie kwa wale wanne niliowataja.

Anza na miisho

Rejista ya kifua kikuu ndiyo iliyonifunza hili. Matibabu ya kawaida ni miezi 6, na kila mgonjwa aliyeandikishwa lazima afungwe kwa tokeo moja kati ya yanayotambulika: amepona, amekamilisha matibabu, matibabu yameshindwa, amefariki, amepotea, au hakutathminiwa. Aliyekatiza dawa miezi 2 mfululizo huhesabiwa amepotea. Ukichora unaanza na maduara hayo sita mazito upande wa kulia, halafu unarudi nyuma kuuliza njia ipi inafika kwa kila moja. Njia isiyofika popote inaonekana mara moja. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyofanya kifua kikuu kipate mfumo wake wa kielektroniki, TIBU, tangu mwaka 2012, wakati kliniki nyingi bado zilikuwa hazina hata kompyuta: walijua mstari unaishia wapi.

Rejista ya chanjo haina ukali huo. Mstari wa mtoto aliyehama unakaa wazi mpaka daftari linafika kabatini. Kwa hiyo ninapochora chanjo huazima tabia ya kifua kikuu, nawaomba wauguzi tukubaliane miisho ya kila mstari: amekamilisha, amehamia kituo kinachojulikana, amehama na hajulikani alipo, amefariki, bado anafuatiliwa. Huu wa mwisho upewe saa yake, kwa sababu bila tarehe ya kukata shauri kila mtoto atakuwa "anafuatiliwa" milele. Miezi mingapi, amueni wenyewe, lakini iandikwe.

Mengine kwa ufupi. Baada ya manila, ukitaka kuchora kwenye kompyuta, draw.io na bpmn.io zote ni za bure. Ya pili ina faida kwamba huhifadhi faili ambalo programu nyingine za BPMN zinaweza kulisoma, siyo picha tu. Mchoro ukizidi karatasi moja ya A3 ugawe, usipunguze maandishi. Pembeni andika jina la kituo, tarehe, na vyeo vya waliokuwepo, kwa kuwa wauguzi huhamishwa na fomu za wizara hubadilika, na mchoro usio na tarehe utakuja kuaminiwa siku usiyostahili.

Na usipige picha ya ukurasa wa rejista wenye majina ukaipachika kwenye mchoro au kuituma kwenye kundi la WhatsApp la mradi. Taarifa za afya zinahesabiwa kuwa nyeti chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hata bila sheria, Mombasa ni ndogo, mtu anajulikana kwa mtaa na jina la mama. Tumia ukurasa mtupu, ujaze mifano ya kubuni. Kwa sababu hiyohiyo, kila orodha yenye majina inayotoka kituoni kwenda kwa wahamasishaji mtaani ipewe mshale wake kwenye mchoro, pamoja na mshale wa kurudi. Karatasi hiyo ikishatumika inapelekwa wapi? Vituo vingi vina jibu la kwenda, la kurudi hawana.

Kama ndiyo kwanza unaanza, usianze na rejista za virusi vya ukimwi. Safu ni nyingi, usiri ni mkubwa zaidi, na kila mfadhili ana fomu yake. Anza na chanjo kwenye zahanati moja yenye muuguzi mwenye subira, mpitishe shilingi mpaka zile njia nne zote zifike mwisho, kisha uchukue manila ileile uipeleke zahanati ya pili ukaone ni visanduku vingapi vitabaki mahali pake.